Vidole Kumi

Dukani kwa Hemedi Sekiteke, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
mashine mbili zimesimama mlangoni
kama wachumba waliokuja kuposa siku moja.
Zote za kukatia majani ya ng'ombe,
zote rangi ya kijani,
zote mdomo wazi.

Hii ya petroli, asema, ni dume.
Umeme ukatike, usikatike, haina habari.
Unavuta kamba, inanguruma, matete yanakuwa kachumbari.
Hii ya umeme ni ya watu wapole:
chomeka, bonyeza, basi.
Bei tutaelewana, mama, wewe ni wa kwetu.

Nimetoka Pongwe na ng'ombe wanne kichwani,
laki saba zimekunjwa kwenye pindo la kanga,
na swali ambalo Hemedi hakulitarajia:
"Ipi inajua kusimama?"

Akacheka. Mashine, mama, hununuliwa kwa kwenda.

Mimi sikucheka.
Jirani yangu Shekigenda ukimpa mkono
unapokea gumba na kidole cha shahada.
Vile vitatu vilibaki bandani
jioni ya mvua za vuli, matete yamelowa,
mashine imekabwa koo.
Injini alikuwa ameizima. Sikia vizuri: alikuwa ameizima.
Ila lile gurudumu zito lilikuwa bado lina neno,
kama mtu aliyeambiwa nyamaza
akataka kwanza kumalizia.
Siku hizi anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto
na hataki kusaidiwa.

Basi nikauliza ya petroli:
moshi utakwenda wapi, na banda langu lina ukuta pande tatu,
na ndama mwenye kifua kibovu analala humo humo?
Nani atamzuia mwanangu Mhina
kujaza mafuta injini ingali ya moto
kwa kuwa ng'ombe wanalia na yeye anachelewa mpira?
Nikauliza na ya umeme:
waya utapita wapi, penye mkojo na maji ya kuoshea ndoo?
Na Luku ikiisha katikati ya mzigo,
mkono ukasikia kimya, ukadhani ni ruhusa,
na mtu ndani ya nyumba, kwa wema wake,
akaingiza yuniti?

Hapo Hemedi akavuta stuli, akakaa.

Kisu hakijui kama kimelishwa petroli au umeme.
Kisu kinajua jambo moja tu.

Nikachukua ya umeme.
Si kwamba haina meno.
Sauti yake ni ndogo: Mhina akiita "Mama, zima!"
nitamsikia.
Na plagi ni kitu cha kushikika;
ikiwa mkononi mwangu, haiko ukutani.

Fundi Mbaruku ameniwekea soketi juu, kimo cha bega,
akadai elfu ishirini na chai.
Fimbo ya mpera nimeifunga kwa kamba kwenye mguu wa mashine:
hiyo ndiyo inayoingia kooni, mikono inangoja nje.
Nikishachomoa, nahesabu hadi thelathini, kwa sauti.
Mhina hunicheka: "Mama anahesabu watoto ambao hakuwazaa."
Acha acheke. Anacheka huku ameshika kiuno
kwa vidole vyote kumi.

Huu mwezi wa tatu.
Jumanne umeme ulikatika tangu asubuhi,
tukakata kwa panga mpaka giza, mgongo ukalia,
na sitadanganya, nililikumbuka lile dume la Hemedi
kwa tamaa.

Shekigenda akapita, akaitazama mashine imelala,
akaitazama plagi inavyoning'inia.
Akauliza, "Fimbo hii umeifunga fundo gani?"
Hakungoja jibu. Akalifungua, akalifunga upya
kwa mkono wa kushoto, vidole viwili, na meno.

Limekaza kuliko langu.